Tupeane uzoefu: unatiaje rangi resini yako?

Mninga Kwanza (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wale wanaomwaga epoksi: meza, trei, hereni, vishikio vya funguo, vibao vya majina. Kuchanganya A (resini yenyewe) na B (hadina, inayoigandisha) kumeshaongelewa sana, ila rangi watu wengi wanaitia kwa kubahatisha, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Kila mmoja aseme anatumia nini, anaitiaje, na kazi imekuwaje ikishakaa kwa mteja. Resini siku inapotoka kwenye moldi ni nzuri yote, ukweli wake unaonekana baadaye.

Naanza mimi. Niko Dar, natengeneza meza za mninga na mkongo, zile mbao zenye nyufa pana zinazojazwa epoksi. Rangi ninayoitegemea ni unga wa oksaidi ya chuma, ule ule mafundi wanaotia kwenye sakafu ya saruji. Gerezani, Kariakoo, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: nyekundu, njano, nyeusi, kahawia. Ni rangi ya madini, jua halina la kuifanya. Sakafu nyekundu za nyumba za zamani zimepigwa deki miaka na miaka na bado ni nyekundu.

Ubaya wake unashika unyevu, na hewa ya Dar mnaijua. Ukiumwaga ulivyo kwenye kikombe unapata mabonge na mapovu. Mimi nauanika juani kwenye trei mpaka ukauke kabisa, halafu nauchekecha kwa kitambaa chepesi. Msiukaushe kwenye moto mkali, hasa wa njano: joto likizidi unageuka mwekundu na haurudi tena.

Baada ya hapo nachukua kipande cha tailzi, naweka unga kidogo, nadondoshea A peke yake bila hadina. Nasugua kwa kisu cha paki, nakusanya, nasugua tena, mpaka nikipitisha kisu sisikii chembe inayokwaruza. Inabaki pesti laini inayong'aa. Kwa kuwa haina hadina haigandi, naiweka kwenye kichupa chenye kifuniko na kuichota kila nikiwa na kazi. Ila ile A iliyo ndani ya pesti nayo ina uzito. Kama unatumia nyingi, ihesabu unapopima hadina.

Kipimo: watengenezaji wengi wa epoksi wanasema rangi isizidi asilimia 5 au 6 ya uzito wa mchanganyiko wote. Resini ya gramu 200, gramu 10 ndiyo mwisho. Pesti nzuri haifiki hata huko, gramu 2 au 3 zinatosha kufunika. Nunueni mzani wa dijitali. Karibuni.

Hereni za Tanga

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni wa vitu vidogo na rangi yangu ni unga wa maika. Ni vipande vyembamba mno vya jiwe la maika vilivyopakwa titani dioksaidi au oksaidi ya chuma, ndiyo maana ukikiinamisha kitu kinameta. Haviyeyuki, vinaelea tu ndani ya resini. Resini ikiwa nyepesi vinazama, unatoa hereni upande mmoja umemeta na wa pili umepooza.

Dawa yake ni subira. Nachanganya A na B taratibu, nakwangua kuta za kikombe, naacha. Nikinyanyua kijiti na resini ikashuka uzi mnene usiokatika haraka, kama asali, hapo ndipo natia maika na kumwaga. Kwa joto la huku muda huo ni mfupi, kwa hiyo kazi ya maika naifanya asubuhi na mapema. Na usiache resini nyingi kwenye kikombe kirefu ukisubiri. Inajipasha yenyewe, inaweza kutoa moshi na kugandia humo humo.

Nusu gramu kwa gramu 100 inaleta utando wa kung'aa huku mwanga unapita. Gramu 2 au 3 inafunika kabisa. Zile maika zinazobadilika rangi ukizigeuza, tia na nyeusi kidogo au zimwagie juu ya tabaka jeusi. Kwenye resini nyeupe huzioni.

Kuna njia nyingine naipenda kwa vibao vya majina. Kabla ya kumwaga chochote napaka maika kavu ndani ya moldi ya silikoni kwa brashi laini, napuliza inayobaki, kisha namwaga resini nyeusi. Herufi inatoka uso wote kama imepigwa dhahabu, na unga uliotumika ni kidogo sana.

Vaeni barakoa mnapofungua kopo. Unga ule unapaa na ni jiwe, usiingie kifuani.

Mgeni wa Resini

Shikamooni wakuu. Mimi naanza, mtaji mdogo. Naomba kujua kama vya nyumbani vinafaa: rangi ya chakula, manjano ya pilau, rangi za maji za watoto, rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mageti. Kuna dada aliniambia ametumia manjano ikawa nyekundu, sikumwelewa.

Mwalimu wa Kemia

Marahaba. Huyo dada amekwambia kweli. Hadina nyingi za epoksi ni amini, na amini zina tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi. Rangi ya manjano ikikutana na besi inageuka kwenda wekundu. Ukitaka kuona bila resini, chukua kitambaa chenye doa la mchuzi wa manjano ukisugue kwa sabuni ya kipande: doa linakuwa jekundu mkononi mwako. Kwenye kikombe ni hivyo hivyo, A peke yake inabaki njano nzuri, hadina ikiingia mambo yanabadilika. Na hata ukiipenda hiyo rangi mpya, manjano hayavumilii jua, yanapauka upesi.

Rangi ya chakula ya majimaji iache kabisa. Maji na epoksi havipatani. Utaona vitone vimejitenga, na mahali vilipokaa panabaki laini, pananata. Rangi za maji za watoto zina shida hiyo hiyo. Akriliki nayo ina maji, ila ina pigmenti nyingi, kwa hiyo matone machache kwenye kikombe kikubwa hupita. Kitu kinatoka hakipitishi mwanga na mng'ao wake umepungua. Ukizidisha hakikauki.

Rangi ya mafuta ya mageti imejaa kiyeyusho, kama thina. Kiyeyusho kinanaswa ndani ya resini, unapata kitu kinachoingia ukucha. Usiitumie.

Cha nyumbani kinachofaa kweli ni mkaa. Twanga, chekecha mara mbili kwa kitambaa, anika, saga na A kama alivyoeleza Mninga Kwanza. Kaboni ni nyeusi ya kudumu. Machicha ya kahawa nayo yanapendeza yakiwa yamekauka, ila hayatoi rangi, yanabaki chembe. Yachukulie ni pambo.

Trei za Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Mimi hufanya trei za bahari, zile zenye mchanga, maji na povu la wimbi. Wateja wangu wengi wananunua zawadi, na kila mmoja anataka ile rangi ya maji ya Jambiani au Diani wakati jua limesimama.

Ile rangi haiji kwa kununua kopo lililoandikwa bahari. Maji yale ni mepesi na chini yake kuna mchanga mweupe wa matumbawe. Mwanga unapita kwenye maji, unagonga weupe, unarudi. Kwa hiyo mimi kwanza hupaka ubao mweupe mahali maji mafupi yatakapokuwa. Ukikauka namwaga resini iliyotiwa rangi inayopitisha mwanga, buluu yenye ukijani, kidogo kiasi kwamba ndani ya kikombe unaona kijiti mpaka chini. Kule kwenye kina kirefu naacha ubao bila weupe na nakoleza buluu. Mpaka wa hizo mbili naupitishia kidole chenye glavu, upotee.

Povu la wimbi ni pesti nyeupe ya titani dioksaidi, mstari mwembamba tu. Juu yake napitisha hewa ya moto, nikiisukuma kutoka mchangani kwenda baharini kisha narudi. Nyeupe inachanika yenyewe na kuacha vijitundu kama lesi. Ukiweka nyingi inakuwa chokaa. Resini ikiwa nyepesi mno nyeupe inazama, ikiwa nzito mno haichaniki. Hapo ni mkono na macho.

Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, halafu ukauke kwelikweli.

Jambo moja kuhusu wino wa alkoholi. Ni mzuri kwa rangi ya kioo, matone mawili matatu yanatosha, lakini kwenye mbao isiyozibwa unapenya kwenye nyuzi na buluu yako inaingia kwenye ubao. Paka ubao tabaka jembamba la resini tupu kwanza. Na alkoholi inashika moto, chupa iwe mbali na tochi ya gesi.

Kucha na Resini

Niwasemee wa resini ya mwanga, ile isiyo na hadina. Mimi nina saluni, nilikuwa na taa ya kukaushia kucha za jeli, nikaanzia hapo kutengeneza hereni. Nyingi zinagandishwa na mwanga wa nanomita 365 mpaka 405, kwa hiyo angalia taa yako imeandikwaje.

Kwenye hii, rangi ni adui wa mwanga. Ukitia nyeupe au nyeusi nzito, mwanga unaishia juu: unagusa pamekauka, unageuza chini majimaji. Mimi humwaga tabaka jembamba la milimita moja, nawasha taa, naongeza jingine. Moldi ikiwa ya silikoni angavu naigeuza nikaimulike na mgongoni. Rangi za kioo na maika kidogo hazina tabu hiyo. Nyeusi nzito ya unene mkubwa, wapelekeeni wa epoksi.

Mama Sebule

Mimi si fundi, ni mteja. Nilinunua saa ya ukutani ya resini, waridi inayowaka, ikakaa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Imepauka upande mmoja. Je, hilo ni kosa la fundi au ni kawaida?

Mninga Kwanza

Pole, mama. Rangi zinazowaka namna ile, na wino mwingi wa alkoholi, zinapauka kwenye jua. Ni tabia ya rangi yenyewe, ila fundi alipaswa kukuuliza saa utaiweka wapi.

Mimi kila rangi mpya naimwaga kipande kidogo bapa, nakifunga nusu kwa karatasi ya aluminiamu, nakiweka dirishani juani. Baada ya miezi kadhaa nafungua. Kama mstari unaonekana katikati, rangi hiyo haiendi kwenye kazi ya mteja. Zinazovumilia kwangu ni oksaidi za chuma, nyeusi ya kaboni, nyeupe ya titani, na zile buluu na kijani za fthalosianini ambazo pesti nyingi nzuri zinazitumia.

Mkumbuke pia resini yenyewe huwa ya njano kadiri inavyokula jua. Juu ya nyeupe inaleta rangi ya pembe, juu ya buluu nyepesi inasogea kwenye kijani. Mteja akitaka nyeupe ya karibu na dirisha namwambia mapema. Kahawia na rangi za asali hazina wasiwasi, njano inamezwa humo humo.

Hereni za Tanga

Naongezea unga unaong'aa gizani. Wenye strontiamu aluminati ndio unaowaka muda mrefu, ila ni mzito, unazama kuliko maika. Usiusage, ukivunja chembe nguvu inapungua. Uuchanganye na resini angavu tu, ukitia rangi nyingine nzito haulishwi mwanga wala hauutoi.

Fundi wa Moshi

Wakuu, swali kwa wa meza. Namwaga maika ya shaba kwenye ufa mpana, nachora mawimbi kwa kijiti yanapendeza, nalala. Asubuhi nakuta mawimbi hayapo, rangi imelingana yote. Naibiwa wapi?

Mninga Kwanza

Huibiwi, mkuu. Resini ya kumwaga kina kirefu inachukua saa nyingi kushika, na muda wote huo inatembea kwa ndani, joto lake lenyewe linaizungusha. Mchoro wa jioni hauwezi kukungoja. Rudi baadaye, choma kijiti pembeni: kama njia yake inajifunga taratibu, chora wakati huo, mara chache, kwa kijiti chembamba. Kama inajifunga papo hapo bado ni mapema, na kama inabaki wazi umechelewa, usiiguse. Huko kwenu Moshi kuna baridi, utasubiri kuliko mimi wa Dar. Weka alamu.

Na vaa glavu za nitraili hata kwa hiyo kazi ya dakika moja. Epoksi ambayo haijakauka inaleta aleji ya ngozi, na ikishakukamata haikuachi.

Fundi wa Moshi

Nimekupata, kaka. Nina ubao wa mkaratusi umeshazibwa, Jumamosi naumwaga. Nitaweka picha hapa.