Naomba ushauri: usaili wa falsafa Oxford, kijana anang'ang'ania jibu la kwanza

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliowahi kuandaa vijana kwa usaili wa falsafa Oxford, ule wa Desemba unaofanyika kwa video. Kijana yuko Kidato cha Sita, kichwa kizuri, ila mazoezi yanakwama palepale.

Mfano wa swali: "Uongo ni nini?" Anajibu: kusema lisilo kweli. Anaulizwa, je, aliyekuambia basi linaondoka saa nane, kumbe ratiba imebadilishwa bila yeye kujua, kakudanganya? Hapo ndipo penye mtihani. Anatakiwa akubali kasoro, aongeze sharti la kujua, kisha apime sharti lenyewe: vipi mtu aliyekusudia kudanganya, akataja saa ambayo kwa bahati ikawa ndiyo sahihi? Yeye ama anatetea jibu lile lile, ama anakimbilia kumtaja mwanafalsafa Kant. Majina hayamsaidii, kinachopimwa ni namna anavyofikiri, wala si lazima awe amesoma falsafa shuleni.

Kwa sasa mazoezi ni dakika 25, mara mbili kwa wiki, swali moja tu, wauliza maswali wawili asiowajua.

Sasa, mnamfundishaje mtu kufikiri kwa sauti? Aanze kwa Kiswahili ndipo ahamie Kiingereza, au hilo linamchelewesha? Na akae kimya sekunde ngapi kabla ya kuomba swali lirudiwe? Kwenye video kimya kidogo tu kinaonekana kama mtandao umekatika.