Mtaalamu wa tiba ya usemi: abaki hospitali au aje shuleni?

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Juzi mwenzetu mmoja alisema tiba ya usemi ni kazi ya hospitali, na kuidai shuleni ni kumtwisha mwalimu mzigo usio wake. Mimi nafundisha darasa la awali, mwaka wa kumi na moja sasa, na nampinga. Mtaalamu akibaki hospitali atawaona wale tu ambao wazazi wao wameshajua kuna tatizo.

Mtoto wa kwanza hana wa kulinganishwa naye nyumbani. Akisema "tutu" wanajua ni kuku, akinyoosha kidole anapewa. Jirani atasema wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa. Siku anapoingia awali ndipo anasikika kwa mara ya kwanza katikati ya wenzake wa rika lake.

Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano ambaye maneno yake ungeyahesabu kwa vidole. Tulimwita mpole. Bibi yake alikuwa ameshauriwa akamkatishe kilimi ili aongee, akamkatisha. Kilimi kiko nyuma kabisa kooni. Maneno tunayaunda kwa ulimi, midomo na pumzi, na kabla ya hayo yote tunayasikia. Kidonda kile kinaweza kuvuja damu hadi mtoto akafa, na usemi usije. Mimi nilimkalisha mbele kwa sababu ya udogo wa umbo lake, ndipo nikaona ananitazama mdomo kila ninapoongea. Masikio yalikuwa yakitoa usaha tangu uchanga.

Alitibiwa, akaanza kusikia vizuri. Lakini miaka ya kujifunza lugha ilikuwa imempita, na mtu wa kumsaidia airudishe hakuwepo mkoani. Tukaambiwa Dar. Nauli ya kwenda mara moja bibi aliipata. Ya kwenda kila wiki angeitoa wapi?

Mchumi wa Halmashauri

Mwalimu, pole na hongera kwa moyo huo. Ila tuseme ukweli wa fedha. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na mimi najua madarasa yenye watoto zaidi ya mia chini ya mwalimu mmoja. Nikipata nafasi moja ya ajira, nikuletee mtaalamu wa usemi au mwalimu wa pili? Isitoshe wataalamu wenyewe ni wachache hata hospitali za rufaa. Ukiwasambaza shuleni ni kumwaga chumvi ziwani. Waacheni mahali penye vifaa, shule ziandike barua za rufaa.

Mama Pacha

Shikamoo Mwalimu. Mimi naogopa kitu kingine: jina. Mmoja wa pacha wangu alianza kigugumizi akiwa na miaka mitatu. Chekechea walikuwa wakimwambia mbele ya wenzake, "Anza upya, sema taratibu." Nia yao ilikuwa njema, lakini mtoto aliacha kunyoosha mkono, kisha akaacha kuongea na wageni kabisa. Sasa akija mtaalamu akamtoa darasani kila Jumanne, watoto hawatamwita jina?

Hata hivyo niseme na la upande wa pili. Tulipompata mtaalamu, muda mwingi aliutumia kutufundisha sisi. Msimkatize. Msimmalizie sentensi. Ninyi wenyewe punguzeni mwendo, mtazameni usoni, sikilizeni anachosema badala ya namna anavyokisema. Alitueleza pia kwamba kigugumizi kinachoanza utotoni, wengi hukiacha baadaye, ila kuna wanaobaki nacho na huwezi kubashiri kwa kukisia. Yale mambo matano mwalimu yeyote angeyajua, mwanangu asingepoteza mwaka ule.

Mkenya wa Bondeni

Huku kwetu vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka 1984, chini ya elimu. Kwa hivyo wazo la kumtafuta mtoto kupitia shule si geni. Tatizo nililoliona kama mzazi ni kwamba tathmini ilifanywa vizuri, nikapewa karatasi, na karatasi ikanirudisha hospitali palepale kwenye foleni. Kutambua bila kutibu kunamwacha mzazi na jina la ugonjwa tu mkononi.

Na chekechea, kwa Katiba ya 2010, iko chini ya kaunti. Hospitali za kaunti pia. Mwajiri ni mmoja! Bado afisa wa afya na mwalimu wa chekechea hawajuani.

Mkufunzi wa Lugha

Naunga mkono mtaalamu aje shuleni, kwa sharti moja. Asije na vipimo vilivyotungwa kwa watoto wa Kiingereza. Vile vitauliza kama mtoto anatia alama ya wingi mwishoni mwa neno. Kwetu kazi iko mwanzoni, na inaenea sentensi nzima: *vitabu vyangu vimepotea*. Mtoto mdogo akisema "toto angu" bado yuko njiani. Wa miaka sita akiendelea hivyo, hapo tumsikilize kwa makini.

Jambo zito zaidi ni lugha ya nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma, Kiswahili akakikuta darasani, atanyamaza miezi kadhaa. Huyo anasoma lugha mpya. Muulize bibi yake: kwa Kisukuma anasimulia? Anagombana na wenzake? Kama anasimulia, mpe muda. Ulemavu wa lugha wa kweli hujitokeza katika lugha zote anazozijua mtoto. Na kuchanganya *r* na *l*, jamani, nusu ya walimu wenyewe wangepewa rufaa.

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Marahaba Mama Pacha. Ndiyo maana sitaki mtoto atolewe darasani. Mtaalamu akae nami, amsikilize akicheza, anifundishe mimi. Faraghani abaki na wachache wenye hali nzito, kama waliopasuliwa mdomo sungura au wenye mtindio wa ubongo.

Mkufunzi, umenigusa. Nimewahi kumwandika mtoto "ana tatizo la matamshi" kwa *r* na *l*. Hakuwa nalo. Maneno yale yalimfuata hadi darasa la pili, na mimi ndiye niliyeyaandika.

Mchumi, sijaomba mtaalamu kila shule. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Mmoja kwa kila halmashauri ni watu 184, wakae meza moja na afisa wa elimu maalumu ambaye tayari yupo, wazunguke kata kwa kata. Zahanati na shule ya msingi ziko chini ya halmashauri hiyohiyo, kama Mkenya alivyosema ya kwao. Kama watu hawatoshi, tuwasomeshe. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walianza kutoa shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008. Na hata kabla ya huyo mtu kupatikana, kupima masikio ya kila anayeandikishwa awali kunahitaji mhudumu wa zahanati na asubuhi moja.

Barua ya rufaa niliyoandika mimi, bibi bado anayo, kaikunja ndani ya Biblia. Hilo la masikio, Mchumi, linaingia kwenye bajeti ijayo? Niambie mnapokaa kuipanga, nije na mkuu wangu wa shule.