Je, halmashauri inaweza kunizuia kuuza ng'ombe nyumbani badala ya mnadani?

Mfugaji wa Kanda ya Kati aliuliza:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mfugaji mdogo katika Mkoa wa Singida, na naomba kueleweshwa kuhusu mamlaka ya halmashauri juu ya minada ya mifugo. Mwezi uliopita mnunuzi alifika nyumbani kwangu, tukapatana bei ya maksai wawili, akanilipa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha akaanza kuwaswaga kuelekea barabara kuu. Kabla hajafika alisimamishwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa ushuru, akaambiwa kwamba katika wilaya yetu mifugo yote huuzwa mnadani na kwamba kuuza nyumbani ni kosa, akatozwa faini palepale. Mimi nami niliitwa ofisi ya kijiji, nikatozwa ushuru na kiasi kingine kilichoitwa mchango wa mnada. Kwa ushuru nilipewa risiti ya mashine. Kwa mchango nilipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la mistari, chenye saini na tarehe, bila muhuri.

Mnada wenyewe uko kilomita 27 kutoka kwangu. Kiangazi kama hiki inabidi niondoke na ng'ombe usiku wa manane ili nifike jua halijawa kali, na hata hivyo wanafika wamenywea, mbavu zinahesabika, na madalali wanaanza kuwakosoa kabla hata sijataja bei. Birika la maji pale mnadani lina ufa na halijatiwa maji tangu mwaka jana. Sikatai kulipa ushuru, kwa maana najua kwamba zahanati na madarasa hujengwa kwa fedha hizo. Ninachotaka kujua ni kama katazo hili lina msingi wa kisheria, na kama yule wakala na ile ofisi ya kijiji walikuwa na haki ya kunitoza walivyonitoza.

Mwanasheria wa Mitaa alijibu:

Ndugu Mfugaji, pole kwa yaliyokupata. Nimefanya kazi ya sheria katika halmashauri mbili tofauti, na swali lako nimelisikia mara nyingi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo.

Halmashauri ya wilaya hupata mamlaka ya kutunga sheria ndogo kutoka Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, na upande wa ushuru na ada hutegemea Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka huohuo. Chini ya sheria hizo inaweza kuanzisha masoko na minada, kupanga siku na mahali, na kuweka viwango vya ushuru. Hata hivyo, azimio la kikao peke yake halitoshi kumtoza mtu hata shilingi moja. Wananchi hutangaziwa kusudio la kutunga sheria ndogo ili wenye pingamizi walilete, baraza la madiwani huipitisha rasimu, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, na mwisho hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali. Hiyo namba ndiyo unayopaswa kuiulizia. Nenda ofisi ya mkurugenzi, kitengo cha sheria, uombe kuona sheria ndogo ya minada au ya ada na ushuru, kisha usome kwa makini vifungu vitatu: kinachotafsiri neno "mnada", kinachosema nani hulipa ushuru kati ya muuzaji na mnunuzi, na kile cha makosa.

Ukiikuta, usishangae ukiona kwamba katazo la kuuza nje ya mnada limeandikwa. Wilaya nyingi za wafugaji zinalo. Lakini nimewahi kuona pia sheria ndogo ambayo ilisema tu kwamba ushuru utalipwa kwa kila mnyama "atakayeuzwa mnadani", na watendaji wakaigeuza kuwa amri ya kutouza popote pengine. Tofauti ya maneno hayo mawili matatu ndiyo itakayoamua kama mnunuzi wako alikuwa na kosa au hakuwa nalo.

Kuhusu faini ya palepale, sheria ndogo nyingi zina kifungu cha kufifilisha kosa, yaani mkosaji anakiri kwa maandishi na kulipa kiasi kilichowekwa bila kupelekwa mahakamani. Mamlaka hayo hupewa mkurugenzi au mtumishi aliyemteua kwa maandishi. Wakala aliyeshinda zabuni ya kukusanya ushuru ana mkataba wa kukusanya tu, na mkataba huo haumpi nafasi ya hakimu. Kama mnunuzi hakusaini hati ya kukiri kosa wala hakupewa risiti ya halmashauri, hiyo haikuwa faini kwa maana ya kisheria, na ana haki ya kudai arudishiwe.

Mnunuzi wa Pugu alijibu:

Mimi nanunua mikoani na kupeleka mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ndugu Mfugaji, wengi wetu tungependa kununua nyumbani kwa mfugaji, kwa sababu mnyama bado ana nguvu na dalali hajaingia katikati. Shida inakuja njiani. Ili nisafirishe ng'ombe nahitaji kibali cha afisa mifugo, na afisa hatoi kibali bila kuona ushahidi kwamba mnyama amepatikana kihalali. Mnadani ushahidi huo unakamilika kwa urahisi: muuzaji anakuja na barua ya mtendaji wa kijiji chake, chapa inaangaliwa, ushuru unalipwa, ng'ombe anapigwa rangi mgongoni, na risiti inakaguliwa getini kabla hajapakiwa. Niliponunua nyumbani kwa watu, mara mbili nililala na gari kwenye kizuizi nikisubiri uthibitisho, na mnyama mmoja alilala chini ndani ya gari asiamke tena.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba minada haisimamiwi na mamlaka moja. Minada ya awali, kama huo wa kwenu, iko chini ya halmashauri. Minada ya upili, kama Pugu, Kizota na Meserani, iko chini ya Wizara yenye dhamana ya mifugo, pamoja na ile ya mipakani. Kwa hiyo ng'ombe yuleyule analipiwa kwa halmashauri kule alikonunuliwa, analipiwa kibali, kisha analipiwa tena kwa Wizara akifika Pugu. Malipo yote hayo nayapunguza kwenye bei ninayompa mfugaji, sina pengine pa kuyapeleka.

Diwani Mstaafu alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini. Mwanasheria amesema kweli, ila naomba na upande wa halmashauri usikike, kwa kuwa nilikuwamo katika baraza lililopitisha katazo la namna hiyo.

Kodi ya Maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri za maeneo makavu kama yetu, zisizo na korosho wala kahawa, zilibaki na vyanzo vichache sana, na mnada ukawa tegemeo. Hiyo ni sababu mojawapo, na siifichi. Lakini kulikuwa na wizi. Ng'ombe alikuwa akiibwa jioni, anauzwa usiku nyumbani kwa mtu, na asubuhi yuko kwenye gari. Vilevile kulikuwa na magonjwa. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwaka 2007, hatua ya kwanza ilikuwa kufunga minada, na hatua hiyo ilisaidia tu pale ambapo biashara ilikuwa ikipita mnadani. Mifugo inayouzwa vichakani hakuna daktari anayeweza kuizuia. Kwa hiyo siungi mkono wito wa kuondoa katazo lenyewe.

Pale ninapokubaliana nawe kwa moyo wote ni kwenye birika lenye ufa. Wizara imerudia mara nyingi maelekezo kwamba halmashauri zitenge asilimia 15 ya mapato yatokanayo na mifugo kwa ajili ya kuiendeleza sekta hiyohiyo. Ukimlazimisha mtu kuleta mnyama wake mahali fulani, umejitwika wajibu wa kumpa huyo mnyama maji, zizi imara, kipakio kisichovunja miguu, na mizani inayofanya kazi. Mnada wa siku hizi umebaki na jina tu. Hakuna anayenadi, hakuna bei inayopandishwa mbele ya watu, bali mnunuzi na dalali wananong'onezana pembeni huku mfugaji amesimama na fimbo yake hajui kilo za ng'ombe wake. Mizani ingempa angalau neno la kuanzia. Nilipokuwa diwani tulinunua moja, ikakaa stoo kwa sababu madalali waliikataa, na sisi hatukuwa na uthabiti wa kusimamia tulichokinunua. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa kuhusu mchango wa kijiji. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake, lakini mkutano mkuu wa kijiji lazima ushirikishwe na halmashauri ya wilaya iziidhinishe. Uliza muhtasari wa mkutano na barua ya idhini. Kama havipo, hiyo karatasi ya daftari ni ushahidi dhidi ya aliyeisaini, kwa hiyo itunze vizuri, piga picha, na nakala umpelekee mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Taarifa za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimekuwa zikitaja mara kwa mara makusanyo yasiyofika benki, na fedha isiyo na risiti ya mashine haina hata njia ya kuonekana kwamba haikufika.

Mfugaji wa Kanda ya Kati alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Jana nilikwenda halmashauri, na baada ya kusubiri tangu asubuhi nilionyeshwa sheria ndogo yenye namba ya Tangazo la Serikali. Inasema kwamba ushuru hulipwa na muuzaji kwa mnyama "atakayeuzwa katika mnada au mahali pengine popote ndani ya wilaya". Kuuza nyumbani hakukutajwa katika orodha ya makosa. Afisa aliyenihudumia, ambaye alikuwa muungwana, alisoma kifungu hicho mara mbili, kisha akaniomba niandike barua na kuambatisha ile karatasi ya daftari. Nimempa nakala, ya asili nimebaki nayo. Mnunuzi naye nimempigia simu, anasema atakuja tuandike barua yake ya faini. Swali nililobaki nalo ni kwa Mheshimiwa Diwani: ombi la kukarabati birika nilipeleke kwa diwani wetu kabla ya vikao vya bajeti, au kwanza lipite kamati ya maendeleo ya kata?

Diwani Mstaafu alijibu:

Lianzie katani, ndugu yangu, likiwa na saini za wafugaji wengi kadiri utakavyoweza. Diwani wenu ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, hivyo atalikuta mezani kwake na muhtasari utabaki. Taja gharama ya saruji na ya kuvuta maji, kwa sababu ombi lisilo na gharama ndilo huahirishwa kwanza.