Msaada wa haraka: mwasumini mkubwa unahamishwaje bila kufa?

MwanaNgamiani
Habari za mchana wakuu. Niko Tanga, nina mwasumini wa siku nyingi sana, upo ubavuni mwa nyumba umepanda mpaka juu ya baraza, chini shina limekomaa gumu kabisa, na ikifika magharibi ukipita njiani unausikia kabla hujauona. Nataka kuuhamisha mzima mzima, sitaki tawi, nautaka wenyewe. Naombeni mnielekeze nichimbe umbali gani kutoka kwenye shina, matawi niyapunguze au niyaache, na ukikaa kwenye gari unavumilia muda gani. Ni wiki hii hii, isizidi Jumamosi. Utani wekeni pembeni leo tafadhali.

kijani_kibichi
Inawezekana mkuu, ila kwanini Jumamosi? Saizi ni kaskazi, jua la Tanga linaunguza hata miche iliyopo kitaluni chini ya kivuli. Asumini inahamishwa masika yakishaanza, Machi kwenda Aprili, ardhi imelowa na mawingu yapo, hapo hata ukikosea kidogo mti unajitetea. Halafu unaupeleka wapi, ua wa pili au mji mwingine?

MwanaNgamiani
Masika siwezi kungoja. Umbali ni wa gari. Nielekeze uchimbaji tu mkuu, mengine nitajua mwenyewe.

Fundi Samadi
Ngoja nichangie maana kwenye asumini watu wengi wanakosea palepale. Asumini inataka jua, saa sita kwa siku zisipungue, ukiiweka kivulini itapanda tu kutafuta mwanga na maua yatakuwa ya kubahatisha. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya kwahiyo mtu anayeogopa mkasi hapati kitu, wimbi moja la maua likiisha punguza ncha zote, weka samadi iliyooza vizuri, utaona ndani ya wiki chache inaanza tena. Urea usiizoee, utapata majani ya kijani yanayong'aa mpaka majirani wanasifia na ua hata moja hakuna. Na ukiona vitumba vimegeuka zambarau na vina kitundu, humo kuna kiwavi, vichume uvichome, usivitupe hapo chini. Wa pwani ambao udongo wenu ni wa matumbawe, majani yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani hiyo ni njaa ya madini ya chuma, sio maji.

MwanaNgamiani
Asante mkuu ila wangu unatoa maua mpaka tunafagia. Shida yangu ni kuhamisha.

Bi Mkadi
Mwanangu umenipeleka mbali. Mie wa Mombasa, Mji wa Kale, nyanya yangu alikuwa na asumini uani na alasiri ikifika watoto sote twaitwa tuchume, na hatuchumi iliyofunguka, twachuma kitumba cheupe kilichofumba bado, kwani asumini hufunguka usiku na ukiichuma asubuhi imeshalegea. Wakubwa wamekaa mkekani watunga vikuba, asumini na mrehani na vipande vya mkadi, na kama kuna harusi hapo nyumba nzima haina nafasi ya kupita. Siku hizi wasichana wavaa maua ya plastiki ya dukani, harufu wajipulizia kwa chupa, sijui tumepatwa na nini. Shangazi yangu alipoolewa Maskati hakubeba mti mwanangu, alibeba vijiti, kavifunga kitambaa kibichi akavitia mkobani, na vilishika kule kwenye joto lile. Sasa weye wang'oa mti mzima wa nini?

Kokorokoo
Shangazi kavuka bahari na vijiti mkobani sisi tunakodi pikapu 😂 Bi Mkadi endelea kutupa stori, mtoa mada mwache na jembe lake.

kijani_kibichi
Swali la Bi Mkadi na la kwangu ni moja, na mtoa mada analikwepa. Mwasumini umestawi, unatoa maua, upo ukutani kwako. Unauhamisha kwanini, na kwanini Jumamosi?

MwanaNgamiani
Sawa niseme. Nyumba imeuzwa. Ilikuwa ya marehemu mama, tumeuza mimi na wadogo zangu, hela tumeshapokea na Jumapili tunakabidhi funguo. Mwasumini aliupanda mama kwa mkono wake tukiwa wadogo, mnunuzi amenunua nyumba hajanunua kumbukumbu za mama yangu. Pikapu nimeshalipia, vijana wawili wa kuchimba wapo. Sikutaka kusema kwasababu nilijua mtaanza kuniuliza ya nyumba wakati mimi nimeuliza ya mti.

Ustaadhi wa Pongwe
Innalillahi. Ndugu yangu kabla ya asumini, mirathi imegawanywa kwa haki? Dada zako wamepata fungu lao au mmewapa nauli tu? Haya mambo ya kuuza nyumba ya mama kisha mtu anahangaika na maua yananisikitisha sana, nyumba ndio ilikuwa ya kushika. Mjomba wangu waliuza ya kwao kwa haraka hivyo hivyo, leo ndugu hawasalimiani na hela yenyewe haikumaliza mwaka.

MwanaNgamiani
Ustaadhi mirathi ilipita mahakama ya mwanzo, kila mtu ana fungu lake na karatasi zipo. Naomba turudi kwenye mti.

WakiliMtaa
Nirudi kwenye mti basi. Mkuu ukishasaini na hela ukapokea, huo mti sio wako tena, labda mkataba uwe umeutaja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inapotafsiri neno ardhi imetia ndani vitu vinavyoota juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo. Unachopanga Jumamosi ni kung'oa mali ya mtu siku moja kabla hajapewa funguo.

MwanaNgamiani
Hiyo sheria nimeisoma, inasema vinavyoota kiasili. Mwasumini haukuota kiasili, ulipandwa.

WakiliMtaa
Nyumba nayo haikuota kiasili na umeiuza. Kilichoshikamana na ardhi kinakwenda na ardhi mpaka muelewane vinginevyo, huo ndio msingi. Dawa ni rahisi, mpigie mnunuzi umwombe, akikubali andikeni mistari miwili msaini. Kwanini hujamwomba?

MwanaNgamiani
Kwasababu atakataa. Walipokuja kuangalia nyumba mke wake alichuma asumini akajichomeka kwenye nywele akasema hapa ndio pamenipendeza. Nilimwona. Ningemwomba pale pale biashara ingeyumba.

Kokorokoo
Kwahiyo mama wa watu kanunua nyumba kwa ajili ya mti na wewe unaondoka na mti. Duh.

Nusanusa
Wakuu mnajadili chai hapa. Mtoa mada huyu huyu kwenye uzi wake wa kuku wa kienyeji mwaka jana aliandika "mama yangu Mafinga anafuga, kanipa mbegu". Leo mama marehemu na nyumba iko Tanga. Halafu mwasumini wenye shina gumu uliopanda mpaka juu ya baraza? Asumini ni kichaka, yangu imenifika kiunoni na ina miaka. Subirini, kesho ataleta namba ya simu anauza miche.

Fundi Samadi
Kwa upande wa shina nakukatalia. Asumini ukiikata inakuwa kichaka, ukiiachia mahali pa kuegemea inapanda mpaka mita mbili, tatu. Zipo za hivyo.

Bi Mkadi
Ya nyanya yangu ilifika dirisha la juu. Lakini la mama wawili na mie lanishangaza. Mwanangu, mtu hasingizii mauti ya mzazi. Sema.

MwanaNgamiani
Nusanusa umenigusa pabaya. Mafinga yuko mama mdogo, tumbo moja na mama, ndiye aliyenisomesha na mimi namwita mama mbele ya watu na nyuma yao. Mama mzazi kafariki na kaburi lake lipo hapa hapa Tanga. Mama mdogo aliolewa huko juu akiwa binti, kila akija pwani alikuwa anakaa chini ya ule mwasumini na mama wanatunga. Miguu saizi haimruhusu kusafiri. Aliposikia nyumba imeuzwa hakuulizia hela hata shilingi, aliuliza "na asumini?" Ndio nikamuahidi. Mnaoona chai sawa, ila mimi nimeahidi mtu mzima na simdanganyi.

Nusanusa
Kama ni hivyo samahani kwa la mama. Picha ya shina bado naidai.

kijani_kibichi
Sasa ndio umetuambia kitu. Mafinga! Mkuu hili ndilo lilikuwa la kwanza kusemwa. Mafinga iko juu zaidi ya mita 1,800, Juni na Julai kuna asubuhi sakitu inatanda nje. Asumini hii yetu ni mti wa joto. Ukichimba shina la miaka yote hiyo, nusu ya mizizi inabaki Tanga, linapanda kutoka usawa wa bahari na miezi michache mbele linakutana na baridi likiwa bado halijajishika. Mnunuzi hana mti, mama mdogo hana mti, na aliyeukata ni wewe.

Vijiti ndio jibu, kama shangazi wa Bi Mkadi. Chagua matawi ya mwaka huu yaliyoanza kukakamaa, sio ncha laini sana wala kuni. Kata urefu wa sentimita 10 mpaka 15, chini kidogo ya pingili, toa majani ya chini bakiza mawili ya juu uyakate nusu. Andaa viriba vyenye mchanga nusu na mboji nusu, chomeka pingili mbili ziingie chini, mwagia, funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini. Mwezi mpaka mwezi na nusu vinakuwa na mizizi. Chukua vingi maana vingine vitakufa. Na sio mti wa aina moja na wa mama, ni mti ule ule, harufu ile ile.

Mwanamufindi
Niko Mafinga na asumini ninayo. Nje ilikufa majani yote ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Iliyopona ni ya kwenye ndoo iliyotobolewa, imekaa barazani kwenye ukuta unaotazama kaskazini, maana Juni jua liko upande huo, usiku wa baridi naiingiza jikoni. Maua inatoa kuanzia Oktoba joto likirudi, sio mengi ya kufagia, ila mama mdogo atapata ya kuweka kwenye sahani. Maji kipindi cha baridi punguza sana.

MwanaNgamiani
Wakuu nimempigia mnunuzi jioni hii. Vijiti kasema nikate ninavyotaka, shina mke wake hataki liguswe. Sijafurahi, siwezi kusema nimefurahi. Ila kuna tawi moja nyuma karibu na karo lililala chini zamani na limeshatoa mizizi yake, limejitegemea kabisa, na hilo nataka kulichimba. Pikapu nimelipia haiwezi kwenda tupu na msinikataze hili.

WakiliMtaa
Hilo tawi nalo mwambie. Simu ni ile ile.

kijani_kibichi
Akikubali, hilo ni bora kuliko vijiti vyote. Likate kwenye mama yake leo, uliache hapo hapo mpaka Jumamosi lizoee. Siku ya kuchimba mwagia asubuhi na mapema, chimba duara la upana wa ndoo usitikise udongo, punguza matawi nusu, toa maua na vitumba vyote hata kama inauma. Funga udongo na gunia lililolowa. Ondokeni Tanga jioni ili jua lisiwakute njiani, na usiliweke nyuma wazi, upepo wa gari unakausha majani kuliko jua, lifunike na turubai. Ukifika usilipande ardhini, ndoo kama alivyosema Mwanamufindi, kivulini wiki mbili ndio ulisogeze juani kidogo kidogo. Mbolea usiguse mpaka uone chipukizi jipya.

MwanaNgamiani
Kakubali na la tawi. Karo ipo karibu sana, duara zima sitalipata, upande mmoja mizizi itakatika. Nipunguze matawi zaidi ya nusu?

kijani_kibichi
Ndio, bakiza theluthi moja. Na ule upande uliokatika uweke utazame ukutani.