Sort ya Mercurial: agumenti zenye majina, au funksheni ya pili?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mercurial, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanza Aprili 2005, mwezi uleule na Git, mwenzake wa kazi hiyohiyo, ina funksheni iitwayo sort. Unaipa mabadiliko, unaitajia uyapangeje: kwa namba, tawi, mwandishi au tarehe. Vigezo vyote hivyo hurundikwa pamoja, na kistari mbele ya kigezo hugeuza mpangilio:

`sort(all(), 'branch -date')`

Baadaye kikaongezwa kigezo cha topo, kinachokusanya kila mkondo wa historia mahali pamoja usichanganyike na mwingine. Sasa mkondo upi utangulie? Wakaweka agumenti yenye jina, yaani taarifa unayoipa funksheni ukiitanguliza jina lake. Hapa inataka tawi la default litangulie:

`sort(all(), topo, topo.firstbranch=branch(default))`

Nasema walifanya vyema, tena walichelewa. Juzi kijana mpya kazini aliutazama mstari wa kwanza akaniuliza, "Kaka, hiki kistari ni cha branch au cha date?" Mstari wa pili aliusoma akaendelea na kazi. Lugha ya programu ya Python ililiona hili zamani: tangu toleo la 3, list.sort, ya kupanga orodha, haipokei key (kigezo cha kupangia) wala reverse (kugeuza mpangilio) usipotaja jina. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapa tunapishana. Hiyo topo.firstbranch bila topo haina kazi. Iweke pamoja na date uone kosa litakalokurudia. Na topo yenyewe haikubali kuchanganywa na kigezo kingine chochote. Hizo ni funksheni mbili zimebanwa kwenye jina moja! Wangetenga ya pili, kila moja ikabaki na masharti yake. Tukizoea hivi, kila kigezo kitadai agumenti zake na ukurasa wa msaada hautasomeka.

Mchangiaji wa pili:
Mimi amri hizi naziandika kutwa nzima kwenye terminali. Kistari na neno date, nimemaliza. Msinilazimishe kuandika sentensi. Halafu skripti zinazojiendesha usiku kwenye seva, nani atazipitia moja moja?

Mleta mada:
Ndugu wa pili, kistari kibaki, skripti zisiguswe. Ninachotaka ni kwamba kila kinachoongezwa kuanzia sasa kije na jina lake.

Ndugu wa kwanza, kosa hilo unalolitaja ndilo linalonipa moyo. Ujumbe wake unasema wazi kwamba topo.firstbranch hutumika na topo tu, kwa sababu jina limeieleza programu ulichokusudia. Ungeweka seti ya mabadiliko nafasi ya tatu bila jina, msomaji angejuaje kwamba hayo ndiyo ya kutangulizwa? Lakini hili la topo kukataa kukaa na vigezo wenzake umenibana. Kigezo kisichochanganyika na chochote hakifanani na vingine vilivyomo humo, na kwa hicho peke yake nakubali kingestahili funksheni yake.