Tupeane uzoefu: mnabishanaje siasa na dini na ndugu zenu bila kununiana?

Kitinda Mimba

Habari zenu wakuu. Nimeanzisha mada hii kwa sababu jambo lenyewe limenigharimu, na najua humu siko peke yangu.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulikaa miezi kumi na minne bila kuzungumza. Hatukugombania mali wala urithi. Ni uchaguzi tu. Yeye na chama chake, mimi na changu, tukaanza asubuhi kwenye grupu la familia kwa kutaniana. Hadi jioni utani ulishaisha, nikaandika: "Watu kama wewe ndio mnaotukwamisha." Dakika mbili baadaye yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu katikati ya skrini: amejitoa.

Nilidhani hasira zikipoa atarudi. Nikawa nampigia. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Kimya. Namsikia anapumua. Kisha, "Haya, nina kazi kidogo." Marahaba ile iliniumiza kuliko tusi. Aliitikia kwa sababu ni wajibu, basi.

Tulipokuja kukaa pamoja, habari ya chama hata hakuigusa. Aliniambia, "Wanangu wamo mle kwenye grupu. Wamesoma baba yao mdogo akimwambia baba yao kwamba ni mjinga." Neno mjinga sikuliandika, lakini nilipoirudia ile sentensi kichwani, nikaona ndicho nilichosema. Ningemwambia maneno hayo hayo tukiwa wawili, angenijibu makali na tungeendelea na mengine. Mbele ya wanawe hakuwa na pa kujificha.

Siku hizi tunabishana kama zamani, ila siasa grupuni hatuziingizi. Tunapigiana simu, na mmoja akisema "hapo umenichoma", mwenzake anaacha papo hapo. Na swali langu nimelibadilisha. Zamani nilikuwa namuuliza, "Unawezaje kuwapigia kura watu wale?" Sasa namuuliza, "Ilianzaje mpaka ukawaamini?" Hapo ndipo nilipojua kwamba alipoachishwa kazi miaka ile, aliyemfuata nyumbani na kumsaidia kudai stahiki zake alikuwa mtu wa chama kile. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwa na habari. Kura yake bado naipinga. Kuiita ujinga siwezi tena.

Na nyie je? Hasa upande wa dini, maana huko ndiko pagumu zaidi.

Mama Wawili

Pole, na hongera kwa kupatana. Kwangu mimi ni dada yangu. Tumelelewa kwenye kanisa linalosali Jumapili, ukubwani akajiunga na Wasabato, wanaosali Jumamosi. Mwaka wa kwanza kila tukikutana ni kurushiana mistari. Yeye Kutoka 20, penye amri ya kuitakasa Sabato, mimi Matendo 20:7, pale waamini walipokutana siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Ananirudishia kwamba Jumapili imeletwa na Kaisari Konstantino mwaka 321. Mimi nabisha, mama anatoka chumbani anatuacha.

Nikaenda kusoma ili nimnyamazishe. Nikakuta amri ya mwaka 321 ipo kweli: mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya jua, yaani Jumapili, wakulima waruhusiwe kuendelea. Lakini nikakuta pia kwamba Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa huko nyuma katika karne ya 2, tayari anaeleza Wakristo wakikusanyika siku hiyo. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande chake.

Nilimpigia nikamwambia, "Kwenye ile amri ya 321 ulikuwa sahihi." Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nisomee hiyo ya Yustino." Nikamsomea. Hakurudi Jumapili, nami sijahamia Jumamosi, lakini tangu siku hiyo, Jumamosi jua likishazama tu, simu yangu inaita. Ni yeye.

Mstaafu

Nimefanya kazi ya kusuluhisha migogoro ya wafanyakazi kwa miaka mingi. Kuna kanuni moja niliyoitegemea sana, ya mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyoieleza mwaka 1951: usitoe hoja yako kabla hujayarudia maneno na hisia za aliyetangulia kusema, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umemwelewa. Unaposikia ni jambo dogo. Lijaribu na mtoto wako wa kumzaa.

Kijana wangu aliacha kuswali. Nilimwita kwa ukali, naye akanijibu kwa ukali. Usiku sikulala, nikajiambia, mbona kazini naweza na nyumbani nashindwa? Asubuhi nikamwambia leo sitakujibu, nataka nikuelewe tu.

"Unasema dini ni uongo," nikaanza.

"Hapana baba, sijasema hivyo."

"Basi unasema huoni faida ya kuswali."

"Hapana."

Nilitaka kukasirika. Nikauliza, "Niambie tena, taratibu." Akasema kwamba tangu rafiki yake afariki, kila akisimama kuswali anasikia ni midomo tu inayotembea, na anaona haya kusimama mbele ya Mungu hali moyo haupo. Nikamrudishia hivyo hivyo. Akaitika, "Ndiyo baba. Ni hivyo." Machozi yakamtoka.

Huyo nilikuwa nimejiandaa kumpa hoja za kuthibitisha kwamba Mungu yupo! Hata hakuwa amelikana hilo. Ningekuwa nimejibu swali la mtu mwingine kabisa.

Binti wa Mchungaji

Nawaheshimu wote mliotangulia, ila naomba nitofautiane kidogo. Si kila ubishi unafaa kuingiwa hata kwa upole. Mimi nilimuuliza baba vizuri kuhusu imani, nikasikiliza, na nilichopata ni kuombewa mbele ya wageni kwa sauti ya kukemea, kana kwamba nina pepo. Mwenzako asipokuhesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye, hizo mbinu zinakuumiza wewe peke yako.

Nilimwambia baba, "Nakuja kukuona wewe. Mada hii ikianza, nitaaga niondoke." Mara ya kwanza aliianza, nikaaga. Mara ya pili, nikaaga tena, nikalia njia nzima. Mara ya tatu alianza, "Lakini mwanangu, neno linasema..." akakatiza. Akaangalia chini. Akaniuliza kama kile kikohozi kimepona.

Imani hatuizungumzi mpaka leo. Wengine mtaona tumeshindwa. Mimi nina baba.

Mume wa Muumini

Binti wa Mchungaji, hamjashindwa hata kidogo.

Mimi siamini, mke wangu anaamini sana. Niliwahi kusoma kuhusu Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, na mkewe Emma. Walioana mwaka 1839, naye Emma, mtu wa dini kwelikweli, alimwandikia barua ya kumweleza hofu yake kwamba mashaka ya mumewe yangewatenganisha milele baada ya kifo. Darwin hakubadili mawazo, na kitabu chake kuhusu chanzo cha spishi, yaani aina za viumbe, kilitoka mwaka 1859. Lakini barua ile aliitunza, na chini yake aliandika kwamba akishakufa, mkewe ajue kuwa mara nyingi ameibusu na kuililia. Waliishi pamoja hadi Darwin alipofariki mwaka 1882.

Nilifikiria ujumbe ambao mke wangu alinitumia usiku mmoja nikiwa safarini, "Nakuombea hata kama hutaki." Nilikuwa nimeujibu kwa aya nne za hoja. Niliporudi nyumbani nilimwomba radhi kwa zile aya nne, zote.

Kitinda Mimba

Asanteni sana. Mstaafu, hilo la kujibu swali la mtu mwingine limenigusa. Ndivyo nilivyomfanyia kaka. Binti wa Mchungaji, nimekuelewa, na nisingekushauri vingine.

Bado nina kiporo. Wakwe. Mzazi wako akikasirika atakusamehe. Mkwe je? Aliyepita huko atupe neno.

Mkwe Mwenzako

Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba kila mmoja anajibizana na wazazi wake. Baba mkwe akinichokoza kwenye siasa namwambia, "Baba, hapo tunatofautiana, ila nakusikiliza," na namsikiliza kweli, kwa sababu anajua historia ambayo mimi sikuwepo. Akizidi, binti yake ndiye anayemwambia. Na kwa wazazi wangu ni zamu yangu.

Mwanzoni nilikuwa nasahau. Ndiyo maana hadi leo tunakaa ubavu kwa ubavu: akinigusa mguu chini ya meza, najua sauti imeshapanda.