Mume wangu alishasamehewa na kwaya, deni alishamaliza, lakini bado analipa. Naombeni ushauri

MamaMapacha wa Kimara:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wazima, matusi pelekeni kwenye nyuzi za mpira.

Mume wangu alikuwa mhazini wa kwaya usharikani kwetu, KKKT. Miaka ya nyuma aliingia kwenye kubeti, na pesa za sare za kwaya zikaondoka na mikeka: milioni moja na laki nane. Sikuja kulilia hilo, lilishaisha. Hakusubiri kukamatwa, alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, kisha akasimama mbele ya kwaya akasema. Tukauza pikipiki, iliyobaki akalipa kidogo kidogo kwa daftari, mwalimu wa kwaya anasaini kila awamu. Siku ya awamu ya mwisho walimwombea, wakamkumbatia, mama mmoja wa sauti ya kwanza akamnunulia hadi soda. Hakuna aliyemtenga.

Shida ni kwamba yeye hajatoka huko. Hadi leo kila mwisho wa mwezi anamtumia mhazini mpya elfu thelathini kwa simu. Mhazini anazirudisha, yeye anazituma tena, safari hii na ya kutolea juu. Mwaka na zaidi sasa. Kwaya walimrudisha kwenye grupu la WhatsApp, usiku uleule akajitoa. Jumapili anatoka alfajiri, mwendokasi hadi Kivukoni, anavuka na pantoni kwenda kusali Kigamboni ambako hakuna anayemjua, na hata huko Meza ya Bwana hasogei. Anasema atakula isivyostahili. Mshahara wote ananikabidhi mimi, halafu asubuhi ananiomba nauli kama mwanafunzi, watoto wanamwangalia.

Nikimwambia Mungu alishakusamehe, ananijibu "najua", anaendelea kufunga viatu. Nifanyeje?

Dume la Mbagala:
Dada pole, ila nikuulize kwa nia njema. Una uhakika hizo elfu thelathini zinakwenda kwa mhazini? Mtu wa mikeka namjua, nimeishi naye nyumba moja.

MamaMapacha wa Kimara:
Mhazini mwenyewe ndiye aliyenionyesha meseji za miamala. Kubeti hakuna tena, hilo nina uhakika nalo.

Mzee wa Zamu:
Kama ni malipo, tumpigie hesabu. Hesabu 5:7 inasema aliyekosa aungame, arudishe alichochukua kwa ukamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake. Moja ya tano ya 1,800,000 ni 360,000. Elfu thelathini kwa miezi kumi na miwili ni 360,000 hiyohiyo. Kwa hiyo shemeji kwa mwaka na zaidi keshaivuka hata Torati! Sheria ya Musa yenyewe ilikuwa na mahali pa kusema basi, imetosha. Yake haina.

Tena Zakayo (Luka 19) watu wanamkumbuka kwa kurudisha mara nne. Someni vizuri. Yesu alimwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako kabla hajaahidi hata senti, na aliposema wokovu umefika nyumba hii, Zakayo alikuwa ameahidi tu, hajalipa mtu. Kulipa kulifuata nyuma.

Shangazi wa Tabata:
Sisi Wakatoliki ukienda kitubio padre anakupa malipizi, labda sala kadhaa, ukimaliza umemaliza, unarudi nyumbani kupika. Nyie Walutheri mliyakataa, ndiyo maana ndugu yetu kajitungia ya kwake yasiyo na mwisho 😀 Nawatania, lakini si sana.

Besi ya Pili:
Shangazi umetuchapa, ila tuna chetu kabatini hatukitumii. Katekisimo Ndogo ya Luther ina sehemu ya ungamo, na inasema ungamo lina mambo mawili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, bila kutia shaka. La kwanza shemeji alilifanya kwa uchungu mwingi. MamaMapacha, la pili lilifanyika? Yaani mchungaji alimtamkia yeye, kwa jina lake, kwamba umeondolewa dhambi? Au walikaa wakapanga ratiba ya kulipa?

MamaMapacha wa Kimara:
Hapo umenigusa. Ninachokumbuka ni ratiba, na maombi ya pamoja. Ngoja nimuulize.

Mpita Njia:
Mimi ni Muislamu, samahani kuingilia. Kwetu pia haki ya mtu lazima irudishwe, lakini mwenye haki akishasema nimepokea na nimesamehe, kuendelea kumpelekea ni kama kumwambia hukusamehe vizuri. Huyo mhazini naye anaumia.

Mwl. Neema:
Ahsante Mpita Njia. Paulo naye aliliona hili: 2 Wakorintho 2, kulikuwa na mtu kanisa lilishamwadhibu, Paulo akaandika adhabu ile yamtosha, sasa msameheni na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Kwa hiyo kuna kazi ya kwaya hapa, si ya shemeji peke yake. Kumrudisha kwenye grupu ni rahisi mno. Waende nyumbani wawili watatu.

Kuhusu kula isivyostahili: mwambie asianzie 1 Wakorintho 11 mstari wa 27, aanzie wa 20. Pale walikuwa wanakusanyika kula, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, wasio kitu wanaaibishwa. Paulo anawakemea wale waliokuwa wanawaaibisha wenzao mezani. Sasa mtu anatumia andiko hilohilo kujiaibisha mwenyewe! Na mstari wa 28 unasema mtu ajihoji, *na hivyo* aule mkate. Haujasema ajihoji halafu abaki kwenye benchi.

Dume la Mbagala:
Nakubali, ila msichanganye mambo. Kusamehewa si kurudishiwa ufunguo wa sanduku. Asiwe mhazini tena, na mshahara uendelee kupitia kwa mama. Ila hiyo ya kuomba nauli kila asubuhi, dada, iondoe. Mpe ya wiki nzima Jumapili jioni, bila kumuuliza imebaki ngapi.

MamaMapacha wa Kimara:
Nimerudi. Nimemuuliza jana usiku watoto wakiwa wamelala. Kasema mchungaji alimwambia, "Lipa kwanza, mengine tutazungumza." Alipomaliza, mchungaji alikuwa ameshahamishwa, na huyu mpya hajui chochote. Hayo mengine hayakuwahi kuzungumzwa. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama huyu mpya anaweza kufanya jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya.

Besi ya Pili:
Anaweza. Ondoleo si la mchungaji fulani, ni la Kristo, yeyote aliyebarikiwa kwa kazi hiyo analitamka. Pigeni simu ofisi ya usharika muombe miadi siku ya kazi, si Jumapili baada ya ibada ambapo kila mtu anapita na bahasha za ahadi. Aende yeye, wewe msubiri nje. Aeleze kwa kifupi, daftari asibebe, na aombe wazi kabisa: nimekuja kutamkiwa ondoleo. Akitoka hapo ndipo kwaya waje nyumbani.

Shangazi wa Tabata:
Na elfu thelathini ya mwezi huu mnyang'anye kabla hajaituma. Mkale nayo samaki Feri wote wanne.